Shafti ya Gari la Mama

Aliyekosa gazeti la Jumamosi iliyopita atosheke na haya machache. Mama yangu ana figo mbili zisizofanya kazi. Kila Jumanne na kila Ijumaa hulala kando ya mashine mjini Thika, damu yake ikatolewa, ikasafishwa, ikarudishwa. Nyumba yake iko bondeni, kupita Kiganjo, chini ya mteremko wa udongo mweusi tunaouita kwa Ndila. Mvua ikinyesha, gari la kawaida halipandi mteremko huo. Kwa sababu hiyo ukoo na waumini wa kanisa lake walichanga, tukanunua gari lililokwisha kutumika Japani, gari ambalo injini yake husukuma magurudumu yote manne. Mimi, Nzilani, binti yake wa kwanza, nilikabidhiwa kulitunza. Ndugu yangu mdogo, Kisilu, alikabidhiwa kuliendesha.

Jumanne mvua ilinyesha. Nilipoishia, gari lilikuwa limeteleza kinyumenyume hadi mtaroni, Mama akiwa ndani.

Hakuumia. Lakini hakufika kwenye mashine.

Kisilu alijaribu mara nne. Alitandika magunia, akatandika matawi, akalala matopeni kifudifudi kuyasukuma magunia chini ya matairi. Magurudumu ya mbele yalizunguka papo hapo na kurusha tope. Ya nyuma yalitulia kama ya gari lililoegeshwa. Pikipiki nazo zilikataa kushuka. Ilipofika saa sita, muuguzi alinipigia simu.

“Nafasi ya mama nimempa mgonjwa mwingine,” alisema. “Sasa ni Ijumaa. Na Ijumaa asikose. Akikosa mara mbili mfululizo, usiniulize nitakachokuambia.”

Saa kumi tuliketi sebuleni kwa Mama. Mjomba Philip, kaka yake Mama na mzee wa kanisa, aliongoza kikao. Ndiye aliyezunguka na bahasha za mchango, kwa hiyo gari hilo alilihesabu kuwa neno lake mbele ya watu.

“Mwezi wa nne mvua ilinyesha kuliko hii,” alisema. “Gari likapanda?”

“Lilipanda, mjomba,” Kisilu alijibu.

“Mteremko ni uleule?”

“Ni uleule.”

“Gari ni lilelile?”

Kisilu aligeukia dirisha, upande wa mtaro. Alikuwa amekauka matope toka kifuani hadi magotini.

“Nakuuliza, baba. Kilichoteleza ni gari ama ni dereva?”

Watu wawili walicheka. Kila aliyekuwa mle ndani alijua kwamba Kisilu aliwahi kunywa hadi akafukuzwa kazi, na kila mmoja alijua pia kwamba alikuwa hajagusa pombe kwa miaka miwili. La kwanza ndilo lililokumbukwa.

“Asubuhi ulikunywa nini?”

“Chai.”

“Chai ya nyumba gani?”

“Ya hapa. Mama ndiye aliyeipika.”

Mama alikuwa kwenye kiti chake, miguu imewekwa juu ya stuli. Alifungua macho, akamtazama Kisilu, akayafumba.

Kisilu alinitazama mara moja tu. Kisha akatoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya kitambaa cha meza.

“Kama ni mimi, basi ni mimi,” alisema. “Mpeni mwingine.”

Alitoka bila kunawa. Jioni hiyo nilisikia ameenda Ruiru kutafuta kibarua cha mjengo. Simu yake ilikuwa imezimwa.

Mjomba Philip alinisogezea ufunguo. “Angalau wewe umesoma,” aliniambia. “Gari liwe mkononi mwa mtu mwenye mpango.”

Nikauchukua.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa majuma matatu nimelizunguka katika safu hii.

Kisilu hakuteleza. Gari halikuteleza. Mimi ndiye niliyeagiza magurudumu mawili ya gari hilo yanyang'anywe nguvu.

Ilikuwa mwezi wa tano. Makubaliano ya ukoo yalikuwa wazi: gari lilale kwangu Ngoingwa, penye lango na mlinzi, Kisilu alichukue Jumanne na Ijumaa, siku nyingine lipumzike. Mimi ni msimamizi wa ghala katika kiwanda kimoja mjini Ruiru. Asubuhi moja ya Jumatatu nilichelewa, nikaliwasha. Jumatano nikaliwasha tena. Baada ya majuma mawili lilikuwa gari langu la kazini, na hakuna aliyejua isipokuwa mlinzi.

Nililitunza vizuri. Nililifungulia daftari: tarehe, kilomita, oili ya injini, maji ya rejeta, upepo wa matairi. Nilihakikisha matairi yote manne ni ya saizi moja na yanazeeka pamoja, maana gari la aina hiyo halitaki miguu ya kuazima. Tatizo lilikuwa mafuta. Yalikwisha upesi kuliko safari za Mama zilivyoweza kueleza, na mjomba Philip ndiye aliyejaza tangi.

Nililipeleka kwa Githinji, fundi wangu wa Ruiru.

“Madam, hii gari inakunywa kama watu wa harusi,” alisema akiwa chini yake. “Unajua kwa nini? Inasukuma mbele na nyuma. Lami ya Thika Road inataka nyuma isukumwe ya nini?”

“Sasa dawa ni nini?”

“Tunatoa propela.”

Alinionyesha. Ni shafti ndefu ya chuma, inalala chini ya gari kutoka mbele hadi nyuma. Ndiyo inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma. Ikitolewa, gari linabaki kuvutwa na ya mbele peke yake.

“Itaharibika?”

“Iharibike nini? Hapa Ruiru nimetolea wengi. Hakuna amerudi akilia. Ukitaka kupanda milima, unaniletea, narudisha. Bolti nane.”

“Na mvua?”

“Mvua ni mwezi wa kumi, madam. Mpaka huo mwezi ufike si utakuwa umeolewa na mtu ana lori?”

Nilicheka. Nikamwambia atoe. Nilimwambia anitunzie shafti kwenye gereji yake, kwa sababu sikuwa na mahali pa kuificha nyumbani. Sikuomba karatasi. Mimi, ambaye sijawahi kuruhusu katoni moja itoke ghalani bila sahihi mbili. Na kwenye daftari la gari sikuandika neno.

Mwezi wa kumi ulipofika, mvua ilichelewa. Nikasema wiki ijayo. Wiki hiyo ilipofika nikasema ijayo tena.

Jumatano, siku moja baada ya kikao, niliomba ruhusa kazini nikaenda kwa Githinji kabla hajafungua.

“Niaje madam. Leo mapema hivi?”

“Nimekuja kurudishiwa shafti.”

Alikaa juu ya tairi kuukuu, akaanza kuvaa ovaroli pole pole sana.

“Githinji.”

“Nakusikia.”

“Iko wapi?”

“Madam, ilikaa hapa tangu mwezi wa tano. Hapa si stoo. Mwezi uliopita kuna mama wa Witeithie alikuja, gari kama yako, propela imepinda. Alikuwa amekwama kabisa. Nikajua wewe hauna haja na hiyo.”

“Umemuuzia shafti yangu.”

“Nilimsaidia. Yako nitakutafutia ingine. Nipe mpaka wiki ijayo, kuna mtu analeta mizigo.”

“Nina mpaka kesho.”

“Kesho haiwezekani.”

“Basi nipeleke Witeithie.”

Alinitazama usoni, akaona nisichotaka akione. Tukaenda.

Mama wa Witeithie alikuwa akiitwa Selpha. Alikuwa mtu wa Bungoma, mnene, mwenye sauti ya kuita kuku, na kwa kweli biashara yake ilikuwa kuku. Gari lake lilisimama mbele ya duka, viti vya nyuma vimeng'olewa, kreti zimejaa manyoya.

Githinji alimsalimu kwa unyenyekevu ambao mimi sikuwahi kuupata.

“Mama, kulikuwa na kakosa kadogo,” alianza.

“Kakosa kako ama kangu?”

“Ile propela. Mwenyewe ndiye huyu.”

Selpha alinipima kutoka viatu hadi kichwani. “Dada, unataka nilale chini nikupatie chuma ya gari yangu? Nilinunua. Huyu alikula jasho yangu mchana kweupe.”

“Atakurudishia.”

“Arudishe, halafu? Niwabebe kuku kichwani?”

“Kwenye lami gari lako litakwenda bila shafti.”

“Kumbe hata lako linaenda. Basi enda nalo.”

Aligeuka kuingia dukani. Nilimfuata, na hapo, kati ya magunia ya chakula cha kuku, nilimweleza mtu nisiyemjua yote niliyoshindwa kuwaeleza watu wangu. Nilimwambia habari ya figo, ya mteremko, ya Jumanne. Nilimwambia kwamba ndugu yangu aliitwa mlevi mbele yangu, nikachukua ufunguo.

Selpha alisikiliza akifunga gunia kwa kamba. Alipomaliza fundo, alisema, “Mimi umeniambia. Nyumbani umewaambia?”

“Bado.”

“Umenichagua mimi kwa sababu hautaniona tena.”

Alitoka nje, akampigia Githinji kofi la bega.

“Toa. Mimi nitaendesha na mguu mbili mpaka uniletee ingine, na usiponiletea nitakuja nikae kwa hiyo gereji yako na kuku zangu zote. Na wewe dada, huyo kijana umtafute.”

Jumatano alasiri, udongo ulipokauka kidogo, vijana wa jirani walilitoa gari mtaroni kwa kamba, nikalifikisha gereji, na Githinji alifanya kazi Alhamisi kutwa. Alifunga shafti, akabadilisha oili ya difrensha, gia za ekseli ya nyuma zilizokuwa zimekaa bila kazi, akakagua mpira wa kila kiungo. Alipomaliza aliliinua gari lote juu, akaingiza gia. Magurudumu manne yalizunguka kwa mwendo mmoja.

“Sasa ni gari,” alisema. Hakunitazama.

Nilimpigia Kisilu mara kumi na moja siku hiyo. Simu ilikuwa imezimwa. Nilipita kwenye majengo matatu yanayojengwa Ruiru, nikiwauliza wasimamizi kama wamemwona kijana mrefu Mkamba mwenye kovu la kidevu. Wote walikuwa na vijana warefu. Hakuna aliyekuwa naye.

Alasiri nilimpigia mjomba Philip.

“Mjomba, gari liko tayari. Fundi amelikagua lote.”

“Alipata nini?”

Hapo ndipo palikuwa pahali pa kusema.

“Vitu vidogo,” nilisema.

“Mimi siamini vitu vidogo. Kesho nitakuja na wanaume wanne na kamba. Likikataa, tutalivuta. Likikataa kuvutwa, hatuna lingine.”

Ijumaa nilishuka kwa Ndila kumekwisha kupambazuka. Mvua ilikuwa imenyesha tangu adhuhuri ya jana yake, na udongo ulikuwa umevimba, unang'aa. Nilipofika chini niligeuza gari, nikapanda. Katikati ya mteremko, mahali palepale pa Jumanne, magurudumu ya mbele yalipoteza ardhi. Nilihisi ya nyuma yakishika na kusukuma, kama mtu anayekuwekea mkono mgongoni. Likafika juu. Nikashuka, nikapanda tena, ili nisiwe nimebahatisha. Kisha nikashuka kumchukua Mama.

Alikuwa ameketi barazani, amevaa nguo ya kanisani. Miguu yake ilikuwa imevimba hata viatu vyake havikumwingia. Alikuwa amevaa raba za Kisilu bila kamba. Tangu Jumatano alikuwa akilala ameketi, kwa sababu akilala chali pumzi ilimkatika.

“Limeshuka vizuri,” alisema.

“Na litapanda vizuri, mwaitu,” nilimjibu, kwa neno letu la Kikamba la kumwita mama.

“Nimelisikia. Limepanda mara mbili.”

Nilimshika mkono, tukaenda hatua mbili, tukapumzika, hatua mbili, tukapumzika. Nilimketisha mbele. Alivuta mkanda mwenyewe, akaufunga. Nilikaa kwenye usukani, nikawasha injini, kisha nikabaki nimeshika ufunguo.

“Mwaitu, kuna jambo nataka kukuambia kabla hatujaondoka.”

“La shafti.”

Nilimgeukia. Alikuwa akitazama mbele, kwenye kioo chenye matone.

“Nani amekuambia?”

“Kisilu. Jumanne. Alipoinuka kule chini akiwa na matope mpaka kwenye meno, alikuja hapa dirishani akasema, Mwaitu, chini hakuna shafti. Nikamuuliza shafti ni nini. Akanieleza, nikaelewa. Huyo mtoto anaeleza vizuri.”

“Alijua ni mimi?”

“Gari linalala kwa nani?”

“Mbona hakusema kwenye kikao?”

“Nilimkataza.”

“Kwa ajili yangu?”

“Usijipendelee, Nzilani.” Alipumzika ili apate pumzi. “Kwa ajili yangu. Zima gari kwanza. Linanipigia kelele.”

Nilizima.

“Sitaki ile mashine,” Mama alisema. “Sijaitaka tangu mwezi wa nane. Siku mbili za wiki ni zake. Siku mbili ni za kutapika na kutetemeka. Zinabaki tatu, na hizo tatu nakaa hapa nikiwasikia mkiulizana zamu ni ya nani. Jumanne gari liliporudi mtaroni, wewe uliogopa kule kazini, Kisilu aliogopa kule chini. Mimi nililala kwenye kiti nikasikia amani.”

“Mwaitu, daktari alisema—”

“Daktari aliniambia mimi kabla hajakuambia wewe.”

“Basi mwambie mjomba. Sema wazi kwamba hutaki.”

“Philip? Ataniletea wachungaji watatu na mkesha wa maombi. Watanibeba kwa blanketi. Wale watu walitoa walichokuwa nacho ili nipande huu mlima, na sasa niwaambie sitaki kupanda? Wataniona nimewatemea mate.” Aliweka kiganja chake juu ya dashibodi, taratibu, kana kwamba anamtuliza mnyama. “Lakini gari likikataa, hakuna atakayebishana na gari.”

Nilielewa. Nilitamani nisielewe.

“Unataka niseme limekataa.”

“Leo tu. Baada ya leo hamtahitaji kusema tena.”

“Na Kisilu? Abaki akiitwa mlevi?”

Kwa mara ya kwanza sauti yake ilitetereka. “Hilo linaniuma kuliko hii miguu. Nilipomwomba alilia. Lakini alikubali, akaenda, na najua hatarudi mpaka asikie limekwisha. Nikishaondoka, utasimama mbele ya watu umrudishie jina lake. Hilo utanilipa.”

“Siwezi, mwaitu.”

“Uliweza Jumanne.”

Alisema bila hasira, kama anayenikumbusha mahali nilipoweka ufunguo.

Nilifikiria kuwasha gari na kupanda bila kumwuliza, kumfikisha mjini, kumkabidhi kwa muuguzi. Nilikuwa na gari zima, magurudumu manne yenye nguvu, na mwanamke asiyeweza kutembea hatua tatu. Hakuna ambaye angenizuia. Nikajiuliza kama hivyo ndivyo nilivyolichukua gari lake tangu mwanzo.

Watu walitokea juu ya mteremko. Mjomba Philip alitangulia, amevaa buti za mpira na koti la mvua, kamba imezungushwa begani. Wanaume wanne walimfuata, wakishikana mikono ili wasianguke. Walishuka polepole. Mmoja aliteleza, wenzake wakamcheka, na kicheko chao kilitufikia kabla yao.

“Mwaitu, tafadhali.”

Alikuwa akimtazama kaka yake akishuka.

Mjomba Philip alifika upande wangu, akagonga kioo kwa kidole. Nilikishusha. Mvua iliingia. Alitazama usukani, akatazama magurudumu yaliyojaa matope, akamtazama dada yake, na nikaona macho yake yakijaa hofu aliyoificha Jumanne nyuma ya maswali.

“Mbona mmezima?” aliuliza. “Limekataa?”

Swali lilikuja na jibu lake. Nilihitaji kuitikia kwa kichwa tu.

Mama aliweka mikono yake miwili juu ya mapaja, akatazama mteremko, akaningoja.